Kutoka Tarime Hata Ikoma kwa Siku Moja

Wako watu wengi katika mkoa wetu wa Mara ambao wamezaliwa, wakakua, wakaoa na kuzeeka jirani na Serengeti, nao hawajaiona hata siku moja. Wageni huja kwa ndege toka Ujerumani na Marekani, hulipa fedha nyingi, hulala katika mahema yaliyo mazuri kuliko nyumba zetu, kisha hurudi kwao wakawasimulie jamaa zao habari za simba na nyumbu. Sisi wenyeji huona vumbi la magari yao tu. Mwulize mkulima wa Nyamwaga au wa Sirari, "Je, umepata kuingia Serengeti?" Atakujibu upesi, "Hiyo ni ya Wazungu."

Neno hilo si kweli. Wahenga walisema: Mtembea bure si sawa na mkaa bure. Basi nataka kuwasimulia safari ya siku moja tuliyoifanya watu 14 wa jumuiya ndogo ndogo moja ya Tarime, siku ya Saba Saba, tukapita misioni, tukavuka Mto Mara, tukaona wanyama, tukarudi nyumbani usiku uleule. Nitawaeleza pia gharama yake, senti kwa senti, ili mwenye kutaka kutufuata ajue la kufanya.

SAFARI YA GHAFLA

Safari hii haikupangwa. Jioni ya tarehe 6 Julai jumuiya yetu ilikuwa inavunja kikoba, kila mtu akapewa akiba yake ya mwaka. Jirani yetu mmoja, dereva wa Hiace, alikuwa hapo akinung'unika. Watu waliomkodi kwa arusi ya siku ya pili walikuwa wameahirisha, na gari lake lingelala bure siku ya sikukuu. Mama mmoja wa kwaya akasema kwa mzaha, "Basi tupeleke Serengeti." Watu wakacheka. Lakini watoto waliokuwa mlangoni walisikia, nao hawakucheka. Walinyamaza wakatutazama. Mwenye watoto anajua kutazama kwa namna hiyo. Kabla ya saa tatu ya usiku tulikuwa tumekwisha kuandika majina.

Tulikuwa watu wazima 9 na watoto 5. Nafasi ya mwisho ilikuwa wazi, maana mume wa mama mmoja alikuwa na homa. Mwalimu wetu wa dini akaenda kumwita mzee mmoja anayekaa peke yake tangu mkewe afariki. Mzee huyo aliuliza jambo moja tu: "Mtapita njia gani?" Alipoambiwa kwamba njia ni ya Nyamongo na daraja la Mto Mara, alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akasema, "Nitakuja." Hatukufahamu siku ile kwa nini alikawia kujibu.

MISA NA BARABARA

Asubuhi ya Julai katika milima ya Tarime ni baridi kweli kweli. Tulikutana kanisani saa kumi na mbili, tumejifunga mablanketi, tukahudhuria Misa Takatifu, na Padre akatubariki pamoja na gari letu.

Vijana wetu yafaa wajue kidogo habari za imani katika nchi hii. Mapadre Weupe walifungua misioni ya Nyegina, karibu na Musoma, mwaka 1911, na ile ya Kowak mwaka 1933. Kowak leo iko katika wilaya ya Rorya, iliyogawanywa kutoka Tarime mwaka 2007. Mwaka 1946 wakaja Mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani, nao wakaeneza misioni kati ya Wajaluo, Wakurya, Wangoreme na makabila mengine. Musoma ikawa jimbo kamili mwaka 1957, na Askofu wake wa kwanza alikuwa John Rudin, wa Maryknoll. Hao wa kwanza walitembea kwa miguu na kwa pikipiki katika njia ambazo sisi twalalamika tukizipita kwa gari.

Toka Tarime mpaka Mugumu ni karibu kilomita 90. Barabara inashuka toka nchi ya kahawa, ndizi na wimbi, inapita Nyamwaga, mpaka Nyamongo penye mgodi mkubwa wa dhahabu ulioanza kazi mwaka 2002. Vilima vya mawe yaliyochimbwa vinaonekana toka mbali, na mgeni anaweza kudhani ni milima aliyoiumba Mungu. Mtoto mmoja akauliza, "Hiyo dhahabu inakwenda wapi?" Dereva akamjibu, "Mbali kuliko tunakokwenda sisi leo." Watu wazima walicheka kidogo tu.

Baada ya Nyamongo nchi inateremka, joto linaongezeka, na miti ya migunga inaanza kuonekana. Kisha ghafla unaona mstari wa miti mirefu ya kijani. Huo ndio Mto Mara.

MTO WA WATU WENGI

Tulimwomba dereva asimamishe gari kando, mbele ya daraja, tukashuka kutazama. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo, yakienda pole pole. Viboko watatu walikuwa wanapumua karibu na ukingo, wametoa masikio na pua tu.

Mto huu una urefu wa karibu kilomita 395. Unaanza katika misitu ya Mau, nchi ya Kenya, unapita katika mbuga ya Maasai Mara, unaingia Tanzania katika Serengeti ya kaskazini, unatenga Tarime na Serengeti, kisha unapita katika madimbwi makubwa ya matete na kumwagika Ziwa Victoria karibu na Musoma. Maji yale yale yanywayo na ng'ombe wa Wakurya yamekwisha kunywewa na nyumbu wa Serengeti, na kabla yao na ng'ombe wa Wamasai, na kabla yao yamepita katika mashamba ya watu wa Bomet. Mtu akikata miti huko Mau, mto unapungua huku. Mtu akitia sumu mahali pamoja, walio chini wote wanaipata. Kwa sababu hiyo tangu mwaka 2012 Kenya na Tanzania husherehekea Siku ya Mara kila tarehe 15 Septemba, ili watu wa mto mmoja wakumbushane wajibu wao.

Wakati sisi tulipokuwa tunahesabu viboko, mzee wetu hakuwa anatazama maji. Alikuwa anatazama ng'ambo. Mwalimu wa dini akamwendea, akamwuliza, "Tata, vipi, umechoka?" Mzee akasema, "Sijachoka. Mto huu nauvuka mara ya pili katika maisha yangu."

Wenye umri wa kutosha wanajua jambo ambalo hakulisema. Wizi wa ng'ombe ni wa zamani katika nchi yetu. Lakini baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979, bunduki zilienea mikononi mwa watu, na kazi iliyokuwa ya mishale na mbio ikawa kazi ya risasi. Katika miaka ya 1980 vijana wengi wa upande wa Tarime walivuka mto usiku, wakaenda nchi ya Wangoreme na majirani wao kuswaga ng'ombe. Maboma yalichomwa, watu walikufa, na familia nyingi zilihama. Upande wa pili nao walilipiza walivyoweza. Makaburi yako pande zote mbili.

IRAMBA

Tukafika misioni ya Iramba, nchi ya Wangoreme, asubuhi ikiwa imekwisha kuiva. Tulikuwa tumepiga simu usiku kwa mama mmoja wa kwaya ya huko, ambaye wanakwaya wetu walijuana naye katika semina moja Musoma. Hatukutegemea kupokewa zaidi ya salamu. Kumbe akina mama walikuwa wamekwisha kupika uji wa ulezi na viazi vitamu. Ndivyo tulivyo watu wa Mara: tunagombana sana, na tunakaribisha sana.

Tuliingia kanisani, tukasali Rozari fungu moja, tukaimba wimbo wa Bikira Maria, nao wakatujibu kwa sauti nzito za Kingoreme. Lugha zetu zinafanana mno. Mtu wa Tarime akiwasikia Wangoreme wakisema, hushika maneno mengi bila mkalimani. Tangu wakati wa mapadre wa Maryknoll misioni hii ilikuwa na shauku ya lugha ya wenyeji, hata ikatungwa kamusi ya Kingoreme. Hiyo ni sifa njema kwa misioni ya kijijini, maana lugha ndogo isiyoandikwa hupotea upesi.

Baada ya sala tuliketi nje chini ya mti. Mzee wetu akawekwa karibu na bibi mmoja wa pale, mwenye umri kama wake, mwenye fimbo na kilemba cheupe. Bibi akamwuliza kwa heshima, kama desturi ilivyo, "Mzee, umepata kufika kwetu?"

Mzee akaweka kikombe chini. Akasema, "Nimefika mara moja, mama. Ilikuwa mwaka 1984, usiku. Sikuja kusali."

Watu waliokuwa karibu walinyamaza. Hata watoto waliacha kutafuna. Mimi niliyekuwa nimeketi hatua tatu tu toka kwao niliona aibu, nikatazama chini, kana kwamba nimefumania jambo lisilonihusu.

Bibi hakujibu mara moja. Alizungusha fimbo yake mavumbini. Mwisho akasema, "Mwaka ule walichukua ng'ombe wa mahari ya mdogo wangu. Arusi ikavunjika. Hakuolewa tena mpaka alipokufa." Kisha akasema, "Sijui kama ni wewe."

Mzee akasema, "Hata mimi sijui. Kulikuwa giza."

Bibi akachukua buli la uji, akamjazia kikombe chake mpaka juu, akasema, "Basi leo umepita mchana. Kunywa, uji unapoa."

Hayo ndiyo yote waliyosema. Hakuna aliyelia, wala hakuna aliyepiga makofi. Msamaha mkubwa waweza kuwa na maneno machache, tena huenda ule haukuwa msamaha wote, ulikuwa mwanzo wake tu. Lakini wakati wa kuondoka mzee alimwendea bibi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akauinamia. Mkurya wa umri ule hamwinamii mtu ovyo. Fedha kidogo zilizobaki katika mchango wetu, shilingi 22,000, tulizitia katika sanduku la kanisa. Mwalimu wa dini akawaalika wanakwaya wa Iramba waje Tarime, nao wakakubali.

MUGUMU NA NCHI YA WAIKOMA

Mugumu ni makao makuu ya wilaya ya Serengeti. Mji una soko zuri, na kwa mtu wa mfuko mdogo hapo ndipo pa kula: ugali na sato, au nyama ya mbuzi, na kwa wale wanaojua, kichuri. Sisi tulinunua ndizi na maji tu, kwa kuwa chakula tulikuwa tumebeba toka nyumbani.

Toka Mugumu tukashika njia ya Ikoma. Huku ndiko nchi ya Waikoma, Wanata na Waisenye, ndugu za Wangoreme, na pia Wataturu wachungaji. Watu hawa waliishi pamoja na wanyama wa pori tangu zamani za kale. Waikoma wana pembe za ndovu wanazoziita Machaba, ambazo wazee wao walizitunza kama ishara ya afya na umoja wa watu wao. Mkristo haziabudu, lakini anaweza kuona kwamba hata kabla ya Injili kufika, watu hawa walijua kuwa amani ni kitu cha kulindwa. Karibu na Robanda ndipo Wajerumani walipojenga ngome yao ya Ikoma ili kuitawala nchi hii. Wajerumani wamekwenda zao, na Waingereza baada yao. Waikoma wako pale pale.

Vijiji vitano vya huku, yaani Robanda, Nyichoka, Nyakitono, Makundusi na Natta Mbisso, vimeungana kutenga sehemu ya ardhi yao kuwa jumuiya ya hifadhi iitwayo Ikona. Wageni wakilala katika ardhi hiyo, vijiji vinapata sehemu ya mapato. Kwa msafiri wa fedha kidogo jambo hili ni baraka, maana wanyama hawajui mpaka. Kabla hatujafika langoni, tukiwa bado barabarani, tulikwisha kuona swala, punda milia na twiga wanne, bila kulipa hata senti.

NDANI YA HIFADHI

Kwenye lango la Ikoma tulilipa shilingi 11,800 kwa kila mtu mzima na 2,360 kwa kila mtoto wa miaka 5 hadi 15. Hicho ndicho kiingilio cha mwananchi wa Afrika ya Mashariki tulichotozwa, pamoja na kodi. Mgeni wa ng'ambo hulipa mara nyingi zaidi. Jueni pia kwamba langoni hawapokei noti: hupewa namba ya malipo, ukalipa kwa simu. Beba kitambulisho chako, na hakikisha simu ina fedha na moto.

Jina Serengeti limetoka katika neno la Kimasai siringet, maana yake nchi inayoendelea bila kikomo. Tulipopita miti ya kwanza na kuona uwanda uliofunguka mbele, hatukuhitaji kufafanuliwa. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1951. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 14,763, yaani zaidi ya nusu ya nchi nzima ya Rwanda. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa, kwa njia ya UNESCO, uliihesabu kuwa urithi wa dunia.

Mwezi wa Julai nyumbu wengi huwa wanapita upande huu wa magharibi wakielekea kaskazini, kwenye Mto Mara ule ule tulioukuta asubuhi. Tuliwakuta. Mwanzo tulidhani ni vichaka vyeusi. Kisha vichaka vikatembea. Walikuwa mbele, nyuma, kushoto na kulia, wakilia kwa sauti ile yao inayofanana na ya chura mkubwa. Dereva alizima gari. Mama wa kwaya, yule aliyeanza mzaha wa safari, akafanya ishara ya msalaba. Mtoto wake akamwuliza, "Mama, nani anawachunga?" Mama akasema, "Umeuliza vema."

Hapa nataka kuwaeleza wafugaji jambo ambalo wengi hawalijui. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika ya Mashariki. Uliua ng'ombe wa baba zetu karibu wote, njaa ikafuata, na nyumbu nao walikufa kwa ugonjwa huo huo. Kwa miaka mingi baadaye sotoka iliendelea kuua ndama wa nyumbu. Basi, katika miaka ya 1950 serikali ilianza kuwachanja ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka Serengeti. Nyumbu hakuna aliyewadunga sindano, lakini ng'ombe walipopona, ugonjwa ukakosa pa kukaa, nao nyumbu wakapona. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walihesabiwa kama 250,000. Miaka 16 tu baadaye walikuwa wamepita milioni moja na laki tatu. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani kote.

Maana yake nini? Ni kwamba babu yako aliyeswaga ng'ombe wake kwenda kuchanjwa, akangoja juani siku nzima, alifanya kazi ya kuponya Serengeti, ingawa hakuna aliyemwambia. Mtu asikuambie tena kuwa wanyama hawa ni wa Wazungu.

Lakini ni lazima kusema kweli yote. Wazee wa Ikoma, Nata na Ngoreme wanakumbuka kuwa ndani ya mipaka ya hifadhi yamo mahame ya babu zao, na mahali walipowinda. Mwezi Septemba mwaka 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere, mwana wa mkoa huu huu, alitoa tamko huko Arusha kuahidi kwamba taifa jipya litawalinda wanyama wa pori. Ahadi ile, ambayo ni tofauti na Azimio la Arusha la mwaka 1967, imetimizwa, nayo inalipwa kila siku na watu wa vijiji vya mpakani: tembo wanakula mahindi, fisi wanakamata mbuzi. Wako na vijana wanaotega waya ili wapate nyama ya kula au ya kuuza. Katika gari letu alikuwamo mama ambaye mpwa wake alifungwa kwa kosa hilo. Alipowaona nyumbu alisema, "Kwa wingi huu, mmoja tu angepungua nini?" Mwalimu wa dini akamjibu kwa upole, "Kama kila nyumba ya mpakani ingesema mmoja tu, dada, wangekwisha kama walivyokwisha faru." Mama hakubisha, lakini hakukubali pia. Nami naona maneno yao yote mawili yafaa kufikiriwa na wakubwa wanaopanga mapato ya hifadhi. Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alifundisha kuwa kilio cha dunia na kilio cha maskini ni vya kusikilizwa pamoja.

Tulikula chakula chetu mahali paliporuhusiwa, tukakusanya takataka zote. Mifuko ya plastiki imekatazwa nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo vyakula vyetu vilikuwa katika vikapu na majani ya migomba. Tuliona pia tembo tisa, nyani wengi, nyamera, ngiri na mbuni. Simba hatukumwona, na watoto walisikitika. Saa kumi tuligeuza gari, maana malango hufungwa saa kumi na mbili jioni, na mwendo ndani ya hifadhi usizidi kilomita 50 kwa saa. Tulifika Tarime saa mbili na nusu ya usiku, vumbi mpaka kwenye nyusi.

GHARAMA NA MASHAURI

Sasa hesabu. Kila mtu mzima alitoa shilingi 40,000, na kwa kila mtoto 10,000. Jumla ikawa 410,000. Gari, mafuta, dereva na ada ya gari lenyewe langoni vilikula 270,000. Viingilio vya watu vilikuwa 118,000. Zikabaki zile 22,000 tulizoacha Iramba. Shilingi 40,000 si kidogo kwa mkulima, naelewa; ni majogoo wawili wazuri. Lakini tumezoea kuchanga zaidi ya hizo kwa arusi ya siku moja, ambayo kesho yake huna unachokumbuka ila wingi wa wali.

Wenye kutaka kwenda wayashike haya. Kwanza, mwe wengi, ili gari lisiwe ghali. Pili, ulizeni kiingilio kabla, maana hubadilika. Tatu, bebeni chakula, maji na nguo za baridi. Nne, nendeni kati ya Juni na Oktoba, barabara zikiwa kavu. Nyumbu huwa upande wa Ikoma karibu na mwezi Juni na Julai, kisha huelekea Mto Mara na Lamai. Tano, msishuke garini ovyo, wala msiwarushie wanyama chakula. Na wasio na fedha za kiingilio wasikate tamaa. Daraja la Mto Mara, misioni ya Iramba, njia ya Ikoma na chemchemi za maji ya moto za Majimoto, katika nchi hiyo hiyo ya Wangoreme, vyatazamika bila kulipa hifadhi.

La mwisho ndilo kubwa. Msipite misioni za njiani kama mnapita kituo cha mafuta. Ingieni, salini, mkae na wenyeji, mnywe uji wao. Kati ya Tarime na Serengeti kuna mto mmoja tu, lakini wako watu waliokaa miaka 40 bila kuuvuka kwa mchana. Kwaya ya Iramba imekwisha kutuarifu kwamba itakuja Tarime, na mzee wetu ameomba walale kwake wanne. Ana nyumba kubwa, na tangu mkewe afariki vyumba viwili havina mtu. Sasa anatafuta magodoro. Mwenye godoro la ziada na amwone mwalimu wa dini.